Sasisho la Windows linapogoma: kutafuta chanzo kabla ya kufuta kila kitu

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Arua, Uganda, aliniletea kompyuta yake ya mezani kwa bodaboda, imefungwa ndani ya kitenge ili vumbi lisiingie. Alikuwa ameipeleka kwanza kwenye duka fulani mjini kwa sababu sasisho la Windows lilikuwa likikataa kila wiki, na huko waliifomati bila kumuuliza ana nini ndani. Mitihani ya majaribio aliyoitunga kwa miaka mitatu ilipotea, pamoja na picha za mazishi ya mama yake. Aliporudi nyumbani na kuiunganisha na intaneti, sasisho liligoma tena kwa msimbo uleule. Nilipoiwasha mezani kwangu, kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa saa iliyo pembeni mwa skrini, na pale palionekana mwezi wa kwanza wa mwaka 2012. Betri ndogo ya ndani, ile ya umbo la kidonge, ilikuwa imekufa. Tuliibadilisha kwa shilingi elfu chache, tukarekebisha tarehe, na jioni ileile sasisho likapita.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya watu walio katika hali ya mwalimu huyo. Sasisho likishindwa, mara nyingi kilichoharibika ni kitu kingine kabisa: tarehe, nafasi kwenye diski, bando lililokatika katikati, umeme uliozimika, au faili iliyopakuliwa nusu. Kufomati hakuondoi vyanzo hivi isipokuwa kwa bahati, lakini huondoa kazi yako kwa hakika. Kwa hiyo hatua zilizomo humu zimepangwa kuanzia zile zisizogharimu kitu wala kuhatarisha faili, na kuishia na zile nzito ambazo wengi hawatazifikia. Maelezo yanahusu Windows 10 na Windows 11, na majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa Uganda, ambazo huja zikiwa zimewekwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili zako muhimu kwenye fleshi au diski ya nje, hata kama kompyuta bado inafanya kazi vizuri. Zaidi ya folda ya hati, angalia eneo-kazi, folda ya picha, na folda ya vipakuliwa, kwa maana wengi wetu huacha vitu vya maana humo bila kukumbuka.

Jambo la pili ni ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na siku mambo yakienda kombo zitakuomba ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta, na unaweza kuutafuta kupitia anwani aka.ms/myrecoverykey. Uandike kwenye daftari sasa. Kama kompyuta uliinunua ikiwa imetumika, na akaunti iliyofunga diski ni ya mtu usiyemjua, suala hilo litatue kabla ya kuendelea, kwa sababu bila ufunguo hakuna fundi atakayeweza kufungua diski hiyo.

Jambo la tatu ni msimbo wa kosa. Fungua Mipangilio, ingia "Windows Update", kisha "Update history". Utaona orodha ya masasisho, kila moja likiwa na namba inayoanza na herufi KB, na lililoshindwa litakuwa na msimbo unaoanza na 0x. Piga picha kwa simu. Msimbo huo ndio utakaokuonyesha mlango wa kuingilia, na nimesikitika mara nyingi kuona watu wakihangaika siku nzima bila kuusoma hata mara moja.

Hapa kuna jambo linaloweza kukupunguzia mzigo. Sasisho kuu la kila mwezi hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia. Kama la mwezi uliopita lilishindwa na la mwezi huu limeshatoka, usipigane na lile la zamani, jaribu jipya. Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya kila mwezi saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao, kwa hiyo kwa mtu wa Uganda sasisho huwa ni jambo la Jumatano.

Tarehe, saa, na betri ya kidonge

Kompyuta inapozungumza na seva za Microsoft hukagua vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ikiwa kompyuta inaamini kwamba leo ni mwaka 2012, itaviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kutumika, na itavikataa. Msimbo unaoandamana na hali hii mara nyingi ni 0x80072F8F, na dalili nyingine ni kivinjari kulalamika kwamba karibu kila tovuti si salama.

Ingia Mipangilio, kisha sehemu ya muda na lugha. Hakikisha eneo la saa limechaguliwa kuwa lile lililoandikwa "(UTC+03:00) Nairobi". Usihangaike kuitafuta Kampala, kwani haimo katika orodha hiyo, na Uganda hutumia saa moja na Kenya. Kisha bonyeza "Sync now". Ikiwa tarehe imekaa sawa lakini inarudi nyuma kila unapochomoa kompyuta ukutani, au kila umeme unapokatika usiku, basi betri ya ndani imekwisha.

Betri hiyo kwa kompyuta nyingi za mezani ni ya aina ya CR2032 yenye volti 3, na kazi yake ni kuihifadhi saa wakati hakuna umeme. Kompyuta nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika miaka kadhaa Ulaya au kwingineko kabla ya kufika Kampala, kwa hiyo betri hiyo huwa mzee tangu siku ya kwanza. Kabla ya kuitoa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kwa kawaida kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu unapoiwasha, na upige picha kila ukurasa kwa simu, hasa ule unaoonyesha namna ya kuwaka na namna diski inavyosomwa. Sababu ni kwamba betri ikitoka, mipangilio hiyo inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani, na kompyuta iliyokuwa ikiwaka vizuri ikashindwa kuiona Windows. Baada ya hapo zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, fungua kifuniko, sukuma kibanio kidogo kinachoshikilia betri, na uweke mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, rudisha mipangilio kama ilivyo kwenye picha zako, weka tarehe. Kwenye laptopu betri hii mara nyingi huwa imefungwa kwa waya ndani kabisa, na hapo ni afadhali fundi aifungue.

Nafasi kwenye diski

Msimbo 0x80070070 maana yake ni kwamba diski imejaa. Lakini hata bila msimbo huo, kama diski C ina nafasi iliyo chini ya gigabaiti 20, usitarajie sasisho kubwa la mwaka kupita kwa amani, kwa sababu kompyuta inahitaji kuhifadhi sasisho lililofungwa, kulifungua, na kuweka kando nakala ya mfumo wa zamani ili iweze kurudi ikishindwa.

Nenda Mipangilio, "System", "Storage", halafu "Temporary files". Hapo utapewa orodha yenye visanduku vya kuweka tiki. Soma kila mstari kabla ya kutia tiki, na hasa mstari wa "Downloads". Hiyo si takataka ya mfumo. Ni folda yako mwenyewe ya vipakuliwa, yenye barua ya kazi uliyopakua, risiti, na nyimbo za kwaya. Ukiitia tiki, vyote huondoka bila hata kupita kwenye pipa la taka. Vinavyofaa kuondolewa bila wasiwasi ni mabaki ya masasisho ya zamani, faili za muda, na vijipicha. Video ndizo hula nafasi kuliko kitu kingine nyumbani, kwa hiyo zihamishie kwenye diski ya nje.

Intaneti na bando

Misimbo kama 0x80072EFE na 0x8024402F huashiria kwamba mawasiliano yalikatika au seva haikufikiwa. Kwetu jambo la kwanza la kukagua ni bando lenyewe. Tangu Julai 2021 intaneti nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na hakuna anayependa kuona gigabaiti mbili zikiliwa na upakuaji ambao haukukamilika. Sasisho la mwezi mmoja linaweza kuwa megabaiti mia kadhaa, na wakati mwingine huvuka gigabaiti moja, hivyo bando la siku la watu wengi haliwezi kulimaliza.

Ukitumia hotspoti ya simu, kompyuta mara nyingi huichukulia kama Wi-Fi ya kawaida na kupakua itakavyo. Unaweza kuizuia kwa kuingia kwenye sifa za mtandao huo na kuwasha "Metered connection". Lakini kumbuka kwamba kitufe hichohicho ni chanzo cha malalamiko mengi: mtu alikiwasha mwaka juzi ili kuokoa bando, akasahau, na sasa anashangaa kwa nini masasisho yanakaa yakisubiri bila kupakuliwa. Utaratibu ninaoutumia mimi ni kukiacha kimewashwa mwezi mzima, kisha kukizima usiku mmoja baada ya Jumanne ya pili, nikiwa na bando la kutosha, simu ikiwa kwenye chaji na kuwekwa karibu na kompyuta.

Ikiwa nyumbani mna kompyuta zaidi ya moja, tafuta "Delivery Optimization" katika mipangilio ya masasisho na uruhusu kushirikiana na vifaa vilivyo kwenye mtandao wa ndani. Kompyuta ya kwanza itapakua, na za pili zitachukua sehemu kubwa kutoka kwake badala ya kurudi kwenye bando. Chagua mtandao wa ndani peke yake, usichague vifaa vya intaneti nzima, la sivyo kompyuta yako inaweza kuwagawia watu wa mbali kwa gharama yako.

Njia nyingine ni kulipakua sasisho mahali penye intaneti nzuri, kwa mfano kazini au chuoni ukiruhusiwa, kupitia catalog.update.microsoft.com. Andika namba ya KB uliyoipiga picha, chagua toleo linalolingana na Windows yako na aina ya prosesa, weka faili ya .msu kwenye fleshi, kisha ukifika nyumbani ibonyeze mara mbili. Ukurasa ukikuonyesha faili zaidi ya moja kwa KB hiyo, zichukue zote.

Umeme

Umeme ukikatika wakati wa kupakua, hakuna hasara kubwa, kwa maana upakuaji kwa kawaida huendelea pale ulipoishia. Hatari iko baada ya kuwasha upya, pale skrini inapoonyesha asilimia na kukuomba usizime. Hapo mfumo unabadilisha faili zake wenyewe, na kukatika kwa umeme kunaweza kuufanya urudi nyuma, au usiwake kabisa.

Kwa hiyo laptopu ichajiwe hadi ijae na iachwe kwenye chaji. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, isianzishe hatua hiyo mawingu yakiwa yamekusanyika, wala saa ambazo mtaa wako umezoea kukatiwa. Na asilimia zikisimama, subiri. Kwenye diski za zamani za kuzunguka nimeona hatua moja ikichukua saa mbili na zaidi. Tazama taa ndogo ya diski: ikiwa inamemeta, hata kwa kusitasita, kazi inaendelea. Kulazimisha kuzima kabla ya muda wa saa tatu kupita ni kujitafutia kazi ya usiku mzima.

Kuanzisha upya ghala la masasisho

Kama tarehe ni sahihi, nafasi ipo, intaneti ipo, na bado sasisho linakataa, huenda vilivyokwisha kupakuliwa vimeharibika. Kompyuta haijui, kwa hiyo kila siku inajaribu kusakinisha faili ileile mbovu. Unaweza kuanza na kikaguzi kilichomo ndani ya Windows, kinachopatikana kwa kutafuta neno "Troubleshoot" kwenye Mipangilio. Kinachukua dakika chache na mara nyingine kinatosha. Kisipotosha, tutafanya kazi hiyo kwa mkono.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza kulia kwenye jina linalotokea na uchague kuifungua kama msimamizi. Dirisha jeusi litafunguka. Andika mistari ifuatayo, mmoja mmoja, ukibonyeza Enter baada ya kila mmoja na kusubiri jibu:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.zamani
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.zamani
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Mistari mitatu ya mwanzo inasimamisha huduma zinazoshughulikia masasisho, upakuaji na uhakiki wa saini. Miwili ya katikati inabadilisha majina ya folda mbili ili Windows iamini kwamba hazipo na iziunde upya zikiwa safi. Nimependekeza kubadilisha jina badala ya kufuta kwa sababu lolote likitokea unaweza kurudi ulikotoka. Miwili hiyo ndiyo huleta ujumbe wa "Access is denied" wakati mwingine, kwa kuwa huduma moja imejiwasha tena yenyewe ulipokuwa ukiandika. Isimamishe tena na urudie mstari upesi. Kuna waliokuja kwangu na hofu baada ya hatua hii kwa sababu orodha ya masasisho ya zamani imekuwa tupu. Masasisho yenyewe bado yamo. Kilichoondoka ni kumbukumbu ya kuonyesha tu.

Washa upya kompyuta, kisha bonyeza "Check for updates". Ukaguzi wa kwanza utakuwa wa polepole.

Ikiwa mstari wa mwisho ulijibu kwamba huduma haiwezi kuanza kwa sababu imezimwa, kuna mtu au programu iliyoizima kwa makusudi. Hali hii ninaikuta sana kwenye kompyuta zilizosakinishwa Windows isiyo na leseni, ambayo huja na programu za kuiwezesha kwa ujanja. Andika sc config wuauserv start= demand, ukiacha nafasi baada ya alama ya sawasawa, kisha ujaribu kuianzisha tena. Ikijizima tena baada ya siku moja, kagua virusi kwa kina, na fikiria kwa uzito kupata leseni halali. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani la usalama. Mwezi Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga faili za watu katika nchi nyingi duniani. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho hilo zilikuwa na kinga dhidi ya njia yake ya kuenea. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu yeyote azime masasisho ili tu apumzike na usumbufu.

Kurekebisha faili za mfumo

Misimbo 0x80073712 na 0x800F081F inaonyesha kwamba hazina ambamo Windows huhifadhi vipande vyake imeharibika au imepungukiwa. Katika dirisha lilelile la msimamizi andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii huhitaji intaneti, kwa maana huchukua vipande vizima kutoka Microsoft. Asilimia zake zinaweza kusimama kwa muda mrefu, 62.3 ni mahali panapojulikana kwa kusubirisha watu. Iache. Ikimaliza, andika:

sfc /scannow

Hii hulinganisha faili za mfumo na zile za hazina na kurudisha zilizobadilika. Mpangilio una maana: ukianza na sfc wakati hazina yenyewe ni mbovu, itakosa mahali pa kuchukua faili nzima. Ikisema imekuta faili mbovu na kuzirekebisha, washa upya na ujaribu sasisho. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi, rudia amri zote mbili mara moja zaidi.

Kabla ya kuilaumu Windows kwa faili zinazoharibika tena na tena, iangalie diski. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kama msimamizi na uandike Get-PhysicalDisk. Katika safu ya HealthStatus, neno lolote lisilokuwa "Healthy" ni onyo kwamba unapaswa kunakili kila kitu leo na kununua diski nyingine. Neno "Healthy" nalo si dhamana. Diski inayotoa mlio wa kugonga, au inayochukua dakika nzima kufungua folda, usiiamini. Ikiwa diski ni nzima, chkdsk C: /f itarekebisha makosa yaliyoachwa na umeme kukatika, baada ya kukuomba ruhusa kwa herufi Y na kuwasha upya.

Misimbo miwili inayosumbua wengi

Msimbo unaoanza na 0xC1900101 hutokea kwenye masasisho makubwa na karibu kila mara huhusu draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani. Chomoa printa, fleshi, modemu, na chochote kisicho kibodi, kipanya na skrini. Ondoa programu ya kuzuia virusi uliyoisakinisha mwenyewe, kwani Defender ya Windows itachukua nafasi yake papo hapo. Sasisha draiva ya kadi ya picha na ya diski kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kisha ujaribu tena.

Wa pili ni 0x80070643 unaoandamana na KB5034441, sasisho la Januari 2024 la Windows 10. Liliwashinda watu wengi ambao hawakuwa na kosa lolote. Lilikusudiwa kwa sehemu ndogo ya diski inayotumika kuokoa mfumo, na lilihitaji megabaiti 250 zilizo wazi ndani yake, ilhali kwenye kompyuta nyingi sehemu hiyo ilitengenezwa ikiwa finyu. Kupanua sehemu hiyo kunahitaji kuchezea migawanyo ya diski, kazi ambayo kosa dogo linaweza kufuta data yote. Ikiwa masasisho mengine yanapita vizuri, mimi huwashauri watu wa nyumbani waliache hilo moja.

Kompyuta ikikataa kuwaka baada ya sasisho

Iwashe, na alama ya mtengenezaji ikitokea izime kwa kubonyeza kitufe muda mrefu. Fanya hivyo mara mbili au tatu, na safari inayofuata itakuletea skrini ya uokoaji. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", halafu "Uninstall Updates". Utapewa chaguo la kuondoa sasisho la mwezi au lile kubwa la toleo. Anza na la mwezi. Hapa ndipo ufunguo wa tarakimu 48 unapoweza kuhitajika. Kompyuta ikiwaka, simamisha masasisho kwa wiki moja kwenye Mipangilio, kisha rudi mwanzo wa mwongozo huu ukague tarehe, nafasi na diski kabla ya kuruhusu tena.

Kusakinisha Windows juu ya ile iliyopo

Hii ndiyo hatua ambayo lile duka lilipaswa kuifikiria kabla ya kufomati kompyuta ya mwalimu. Unaisakinisha Windows upya juu ya iliyopo, na faili, programu na mipangilio yako vinabaki. Kwenye Windows 11 za karibuni, tafuta katika "System", "Recovery" kitufe cha "Fix problems using Windows Update", ambacho hufanya kazi yote chenyewe kikiwa na bando la kutosha. Kwenye Windows nyingine, pakua faili ya ISO, yaani faili moja iliyobeba Windows nzima, kutoka tovuti ya Microsoft; inazidi gigabaiti tano, kwa hiyo tafuta intaneti isiyopimwa. Lugha na toleo lazima vilingane na ulivyo navyo. Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza ISO mara mbili, endesha setup.exe, na ukifika kwenye swali la vitu vya kubaki, hakikisha kimechaguliwa kile kinachosema "Keep personal files and apps". Kikiwa kimefifia na hakichaguliki, simama hapohapo. Ama lugha ama toleo havilingani, na ukiendelea utapoteza programu zako.

Ukiwa umefikia hapa na huwezi kuendelea peke yako, mpelekee fundi kompyuta pamoja na ile picha ya msimbo, mwambie hatua ulizokwisha kufanya, na umwombe aahidi mbele yako kwamba hatafomati bila kukupigia simu.

Pale ambapo tatizo si kosa

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kuendelea nayo nyumbani anaweza kujiandikisha katika mpango wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, kimya cha masasisho hakitakuwa hitilafu ya kompyuta yako. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), gigabaiti 4 za RAM na 64 za diski, na kwa upande wa Intel inakubali prosesa za kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kompyuta ya zamani inapokataliwa kwa sababu hiyo, hakuna amri yoyote kati ya hizi itakayosaidia. Kwa mtu anayeandika barua, kusoma barua pepe na kutazama video, Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, huifufua vizuri mashine ya namna hiyo, na nimeziweka kwenye kompyuta za wazee kadhaa ambao hawajalalamika.

Sasisho likishapita, rudi "Update history" uone limeandikwa kuwa limefaulu, kisha tumia kompyuta kwa siku mbili tatu kama kawaida: chapisha karatasi, cheza video, unganisha simu. Kila kitu kikienda sawa, futa zile folda mbili zenye jina linaloishia na .zamani ili upate nafasi yako. Folda ya Windows.old, inayobaki baada ya sasisho kubwa, usiifute kwa haraka. Ndiyo inayokuwezesha kurudi kwenye toleo la awali, na Windows yenyewe huiondoa baada ya siku 10.